Kichwa Langoni

Matofali makuukuu yakilowa mvua hutoa harufu ya udongo na ukungu, nami nikiinusa, masikio huanza kuniuma. Usicheke, msomaji. Ngoja nikueleze.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, baba yangu alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja kule Lavington. Kati ya bustani ile na kanisa la mawe palikuwa na lango la matofali mekundu: nguzo nene pande mbili, tao katikati, na juu yake pembetatu kama paa la nyumba isiyokuwapo. Mzungu alilijenga limkumbushe lango la kanisa la kijijini kwao Uingereza. Milango yake ilikuwa ya vyuma vilivyosimama wima, vyeusi, baridi.

Watumishi hawakuruhusiwa kukaa na watoto. Likizo ile nilifichwa chumbani kwa baba nyuma ya nyumba kubwa, nikikohoa ndani ya blanketi. "Wakikuona," alinionya, "kazi imekwisha, na shule imekwisha."

Jumamosi moja binti wa Mzungu akaolewa. Kengele zikalia, harufu ya keki ikapenya chini ya mlango, nami nikaponyoka. Nilitaka tu kumwona bibi harusi akitoka kanisani. Nikaingiza kichwa kati ya vyuma. Kuingia kiliingia, kutoka kikakataa.

Maharusi na wageni wao wakaja wakasimama mbele ya uso wangu. Lango halikuweza kufunguliwa bila kunivunja shingo.

"Hii toto ya nani?" akauliza memsahib, mke wa Mzungu.

Nyuma yangu nikamsikia Hamisi, mpishi, aliyekuwa akinipa ukoko wa wali kila jioni. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, memsahib. Huyu ametaka keki kwa kichwa!" Wageni waliojua Kiswahili wakacheka.

Memsahib hakucheka. "Joshua, wewe najua yeye?"

Joshua alikuwa baba yangu. Sikuweza kugeuka. Nilisikia sauti yake tu, tulivu kama ya mtu anayeulizwa habari za mvua.

"Simjui, memsahib. Labda ameruka ua."

Kisha mikono yake ikanipaka siagi ya harusi nyuma ya masikio. Kichwa kilipochomoka, akanishika ukosi, akanipitisha katikati ya wageni hadi barabarani. "Nenda kwenu!"

Jioni alinifuata kando ya ua na kipande cha keki kwenye leso. Sikukigusa. Tangu siku ile nikaacha kumwita Baba. Nilimwita Mzee, kama anavyoitwa mtu yeyote wa barabarani, naye akaitika.

Nilipopata watoto wangu, na bosi wa kunifokea mbele yao, ndipo nilipoelewa. Mimi nilikwama muda wa kupakwa siagi. Yeye alikwama katika lango lile miaka yote ya karo yangu. Nimejiuliza sana uso wake ulikuwaje nyuma yangu, mdomo ukinikana na vidole vikinishika masikio. Ningeweza kumwuliza. Alikuwa hai, tukila meza moja. Lakini swali hilo lilipaswa kuanza na neno Baba, na neno hilo sikulitamka mpaka siku tuliyomzika.