Ngozi Isiyo na Chapa

Nilikwenda hospitali kutolewa uvimbe mgongoni, lakini kichwani nilikuwa na jambo moja tu: ng'ombe wangu. Aliibiwa juzi, akiwa na maziwa, na ndiye ng'ombe pekee niliyebaki naye tangu baba watoto afariki. Yowe lilipigwa kwetu Susuni nzima. Mwanangu wa kiume, sina mwingine, ndiye aliyeongoza wanaume kufuata nyayo. Akarudi akasema zimevuka mpaka kuingia Kenya. Basi tena.

Sasa naingia kwa daktari, nakuta nini? Ngozi ya paja la ng'ombe, na manyoya yake, imepigiliwa juu ya ubao! Madaktari wanafunzi wanaikata na kuishona. Mbichi. Nyekundu yenye baka jeupe. Ng'ombe wekundu wako wengi, nilijiambia, lakini Tarime hii ngozi mbichi haizagai ovyo.

"Shikamoo mama," akasema daktari, binti mdogo tu. "Usiogope, hapa tunajifunzia kabla ya kugusa watu."

"Marahaba. Chapa iko wapi?"

Nikapapasa mwenyewe pale tunapowapiga ng'ombe alama ya moto. Hamna kitu. Nani anaondoa chapa kwenye ngozi kama si mwizi? Nikawaambia hivyohivyo, tena kwa sauti, wagonjwa wa nje wasikie.

Daktari hakukasirika. Akanionyesha mshono mwembamba, umefichwa na manyoya. "Chapa ni kovu, mama. Tumelikata ili tujifunze kutoa makovu, kisha tukavuta ngozi tukaiunganisha."

Jamani! Watoto hawa hawajui wako wapi. Ufundi huo mwizi wa huku angeutolea hata shamba.

"Leteni hicho mlichokikata."

Kikaletwa kwenye kisahani. Nikakigeuza huku na huku. Ilikuwa chapa yetu.

"Nani aliwaletea?"

"Kijana mmoja, ana adabu kweli. Alichinja juzi, akasema ng'ombe ni wa mama yake na mama ameruhusu. Tulimuuliza hii alama ni ya nini, akasema chuma cha kuipigia alikitengeneza marehemu baba yake."

Nilipanda kitandani nikalala kifudifudi. Daktari akashangaa mbona nalia na sindano bado hajanichoma.

Nikamwambia achome.