Shangazi Aliyekoroma Mchana

Juzi nilirudi Kalemie kwa msiba wa ukoo, nikalala chumba kimoja na mpwa wangu. Asubuhi, tukinywa chai, akaniambia kwa adabu nyingi kwamba siku hizi duka la dawa linauza utepe wa kubandika puani. "Mama, unakoroma sana," akasema, akainamisha macho kama aliyenikuta naoga. Nilicheka hadi nikapaliwa. Nakoroma, ndiyo. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, kwa nini sioni haya.

Miaka ile ya Zaire tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, hata jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako. Tulikuwa Papa, Mama, sisi watoto, Kambo, ndivyo tulivyomwita nyanya, na shangazi yangu, kitinda mimba wa Kambo. Shangazi alikaanga mikate ya mafuta alfajiri, mtaa mzima ukaamka kwa harufu yake. Adhuhuri king'ora cha kiwanda cha nguo kikilia, tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, au samaki wa mikebuka wa kukaanga siku ya bahati, kisha tukatandika mikeka barazani upepo wa ziwa utupepee. Hapo ndipo shangazi alipokoroma. Kwetu ilikuwa sauti ya nyumbani tu, kama mchi kinuni.

Basi akapata mchumba, kijana wa wavuvi wa kaskazini ya ziwa, karani wa bandarini, abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya enzi za Zaire, imenyooshwa kila siku. Vitenge vya posa vilikuwa vimeshapokelewa. Siku moja mama yake akaja kututembelea, tukamlisha, tukamtandikia mkeka mpya. Shangazi alikuwa ameamka na jogoo. Akajinyoosha karibu naye, usingizi ukamchukua. Mgeni aliketi, akamtazama, akafunga kitenge chake akaaga. Baada ya siku chache mjumbe akaja na maneno: mwanamke hakoromi kama mwanamume, mumutibishe kwanza, tutarudi kuangalia.

Hapo mateso yakaanza. Kambo alimfunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi yanayochemka, shangazi akatoka macho mekundu. Mama jirani akaleta mawese, kijiko kizima cha kulainisha koo kabla ya kulala. Akasema pia wamfunge kigunzi mgongoni kwa kitambaa, ili akigeuka chali kimchome. Chakula cha jioni wakamnyima. Kila mtu alikuwa na sababu yake: vumbi la reli, baridi ya ziwa, mdomo uliolaaniwa. Kambo alirudia msemo wake, "Usingizi wa mwanamke ni siri ya nyumba," na shangazi akameza mawese yake. Alikuwa akitaka kuolewa. Akaanza kuogopa kulala, akakaa macho amejiegemeza ukutani, akakonda, kicheko chake kikapotea.

Alfajiri moja alisinzia mbele ya mafuta yanayochemka. Mkono ukaungua hadi kiwikoni. Kelele ile ninaisikia hata leo.

Mama alimkimbiza dispensari, nami nyuma yao. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, alifunga kidonda kisha akauliza kwa nini msichana mzima anasinzia mbele ya moto. Mama akaeleza yote. Muuguzi akamulika koo la shangazi kwa tochi.

"Mafindofindo yako makubwa," akasema. "Hewa inapita kwa mulango mudogo, nyama ya koo inatetemeka. Hiyo njo kukoroma. Lala ubavu, inua muto, safisha pua na maji ya chumvi, usilale tumbo likiwa limejaa. Pombe unakunywaka?"

"Hapana, Mama," shangazi akajibu.

"Pumzi inakatikaka usingizini? Unashituka kama mwenye kuzama?"

Mama akajibu kwamba Kambo hulala naye na hajawahi kuona hivyo.

"Ingekatika, ningekutuma kwa daktari leo hii. Sasa kinachotaka kukuua ni kukosa usingizi. Enda ulale."

Wakwe waliporudi kuangalia, Kambo alimpikia shangazi kahawa nzito na kumsihi asifunge jicho. Shangazi hakuigusa. Alikula bukari yake yote, akachukua mkeka, akautandika katikati ya baraza, mbele ya wageni, akalala chali, mkono wenye bandeji kifuani. Haukupita muda akakoroma. Majirani wakatoka milangoni. Kambo alijifunika uso. Mama mkwe akaondoka bila kuaga, lakini kijana akabaki, akageuzageuza kofia mkononi mpaka shangazi alipoamka.

"Ungelala ubavu tu leo," akamwambia polepole. "Mama angenyamaza."

"Ubavu ninajua kulala," shangazi akajibu. "Nimelala hivi muone muntu mwenye munataka kuoa. Nusu yangu haiolewi."

Akaingia ndani, akatoka na vitenge, akamkabidhi vyote vimekunjwa. Kambo alilia wiki nzima. Shangazi alilala wiki nzima.

Kisha akaanza kupeleka ndakala, dagaa wakavu, kuuza mjini Nyunzu kwa treni, akalala juu ya magunia, akikoroma kuliko injini. Baadaye akaolewa na fundi wa boti, ambaye siku ya kwanza kuja kwetu alisema, "Miye ninalalaka kando ya moteri, Mama, musijisumbue." Nyumbani kwake shangazi alilala ubavu, mto juu, kama alivyofundishwa, kwa sababu alipenda mwenyewe.

Leo baraza zile zimezibwa kwa matofali, na king'ora cha kiwanda hakilii tena. Hakuna anayetandika mkeka mbele ya watu mchana. Kila mtu amejifungia na usingizi wake. Kambo na shangazi wote wameshatangulia. Wanawake wengi wa rika la shangazi walikufa bila mtu kujua walilalaje. Wa kwetu alijulikana mtaa mzima, na hakumwomba mtu radhi.