Ncha ya Mshipi Iliyojikunja

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa rili hata moja. Mtunza Stoo wa kampuni iliyokuwa ikipeleka wageni kuvua kutoka Kisumu alinikalisha juu ya kreti ya soda, akanipa vipande viwili vya nailoni na kuniambia niviunge. Nilikuwa nimetoka Usenge, ambako nilishona nyavu tangu nilipoweza kushika sindano, kwa hiyo niliviunga kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akalitazama fundo langu, akalivuta, kisha akalikata kwa meno.

“Hii ni fundo ya nyavu, Mama,” akasema. “Wavu iko na macho mengi, moja ikiachia zingine zinashika. Hapa ni uzi moja tu. Ikiachia, imeisha.”

Nilisikia. Nataka nyinyi mnaoanza kazi hii mjue kwamba nilisikia vizuri kabisa, kwa sababu mbele kidogo mtaniona nikijifanya sikusikia.

Kazi yetu ilikuwa kuandaa vifaa vya uvuvi wa kukokota. Boti inakwenda polepole, nyuma yake inavuta chambo, yaani samaki wa bandia wa mbao au wa plastiki, mpaka mbuta, yule anayeitwa sangara vitabuni, amwone na kumrukia. Uzi mrefu unaojaza rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, ndio mshipi. Mwishoni mwa mshipi tunaunga kipande cha uzi mnene zaidi, kama pima moja na nusu, tunachokiita lida, na chambo kinafungwa kwenye lida. Siku hizo mshipi wetu ulikuwa nailoni ya paundi arobaini, yaani inayohimili uzito huo kabla ya kukatika. Nailoni huvutika kidogo samaki anapotikisa kichwa, na kule kuvutika ndiko kunakomsamehe mgeni asiyejua kushika fimbo ya kuvulia. Huu uzi wa kusukwa mnaoupenda leo ni mwembamba, unajaa mwingi kwenye rili na unapeleka chambo chini zaidi, lakini hausamehe mtu.

Nilimwuliza Mtunza Stoo kwa nini lida iwe nene. Badala ya kunijibu aliniuliza kama nimewahi kuchungulia mdomo wa mbuta. Nilikuwa nimekula mbuta maisha yangu yote na sikuwahi, na jambo hilo liliniudhi mpaka nikafika nyumbani.

Nyumbani kulikuwa chumba cha kupanga katika mtaa wa Manyatta. Jirani yangu alikaanga mgongo wazi, yaani vichwa na mifupa inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Nilimwomba kichwa kimoja kabla hajakitia kwenye mafuta, nikaketi nacho mlangoni na vipande vyangu vya nailoni, nikaanza kuvisugua humo ndani, huku na huku. Jirani akawaambia wateja wake kwamba huyu mtu wa Usenge ameanza kuwapigisha samaki mswaki. Sikujali. Niligundua kwamba mbuta hana meno ya kukata. Ana midomo yenye vimeno vidogo vidogo, ukipitisha kidole unadhani ni msasa, na uzi mwembamba ukisuguliwa humo huota manyoya na kulegea. Kisu chake kiko nje, kwenye ukingo wa kifuniko cha mashavu. Hapo uzi wa paundi arobaini ulikatika nilipousugua mara tatu. Wa paundi mia ulikwaruzika tu.

Kesho yake nilimweleza Mtunza Stoo. Hakunisifu. Alinipa ufunguo wa kabati la nyuzi, akaenda kunywa chai.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa kambi ya kampuni iliyo mbele ya Asembo Bay, niwe msimamizi wa vifaa. Meneja wa kambi alikuwa mtu wa Mombasa aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za bahari kuu. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba lida zote ziwe za waya, kwa sababu huko kwao kuna nguru, na meno ya nguru hukata nailoni kama mkasi. Nikamwambia kwa adabu kwamba mbuta si nguru. Akaniuliza nimejuaje, nikamweleza habari za kile kichwa cha Manyatta, akacheka. Basi nikamwomba tufanye jaribio. Nilitembea juu ya gati nikivuta vyambo viwili vilivyofanana majini, kimoja kwa waya, kingine kwa nailoni nene. Cha nailoni kilitikisa mkia vizuri. Cha waya kilikwenda kimenyooka kama kijiti, kwa sababu waya mgumu haukiachi kicheze. Meneja alichuchumaa akatazama maji kwa muda mrefu.

“Umenishinda, Bi Awuor,” akasema, na waya ukarudi kwenye sanduku.

Hapo nilivimba kichwa. Nasema wazi, nilivimba.

Lida zikawa za paundi mia. Lakini uzi mnene ni mkaidi. Kuuunga na mshipi mwembamba kulihitaji fundo la Mtunza Stoo: unazungusha mara saba, unalowesha kwa mate, unakaza polepole mpaka mizunguko ilale mmoja kando ya mwingine. Kila fundo lilinichukua karibu robo saa, na nilikuwa na fimbo nane. Asubuhi moja wageni walikuwa wamekwisha kaa botini wakinisubiri, na mikono yangu ikafunga fundo la nyavu yenyewe. Nikalivuta kwa nguvu juu ya goti. Likashika. Nikasema moyoni kwamba Mtunza Stoo ni mzee mwoga tu. Tangu siku hiyo fimbo zote nane nilizifunga hivyo.

Nahodha wa boti kubwa alikuwa wa Usenge kama mimi, mtu mzima, mpole, na hakuruhusu mwanamke apande boti yake. Alisema boti haipendi sketi. Mimi nilimjibu kwamba mbuta hamwulizi mtu nani alifunga lida, na tukacheka. Kwa hiyo mimi nilifunga nchi kavu, yeye akavua majini, na hakuna aliyeona kazi ya mwenzake. Tena alikuwa na desturi yake: mshipi ukipoteza samaki, aliikata ncha iliyobaki na kuitupa ziwani kabla ya kugeuza boti. Hakutaka kurudi ufukweni na uzi uliopoteza samaki.

Ndipo tukaanza kupoteza mbuta, na ni wale wakubwa tu. Meneja akasema kosa ni la breki. Breki ni kile kifaa cha rili kinachoachia mshipi samaki anapovuta. Ukiikaza mno, mshipi hukatika. Nahodha alikana. Alisema breki yake anaipima kila asubuhi kwa mkono. Meneja akapanda boti mwenyewe ili aone, na siku hiyohiyo mbuta mkubwa akashika chambo, akakimbia, akaruka mara moja, kisha mshipi ukalegea. Waliporudi gatini, Meneja alisema mbele yetu sote kwamba Jumamosi Nahodha atakabidhi boti kwa mtu mwingine. Nahodha alivua kofia, akaanza kupangusa usukani ambao haukuwa na uchafu.

Nilipeleka fimbo stoo. Ile iliyopoteza samaki ilikuwa bado na ncha yake, kwa kuwa mbele ya Meneja Nahodha hakuthubutu kuikata. Mtunza Stoo alikuwa amenifundisha kuzisoma ncha. Mshipi uliosagwa na mdomo wa samaki huota manyoya. Uliopita kwenye jabali hukwaruzika urefu wa mkono mzima. Uliokatwa na breki iliyokazwa mno hunyooka, ukawa mwembamba pale ulipokatikia. Huu ulikuwa umejikunja kama nywele iliyosukwa ikafumuliwa. Mshipi hujikunja hivyo unapochomoka kwenye fundo.

Fundo lilikuwa langu, nikaona aibu. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na hakuna mtu mwingine aliyeisoma ile ncha. Sitawadanganya, niliushika ule mkasi kwa muda.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Fundo lile nililivuta mwenyewe kwa goti, likashika, sasa limechomokaje? Nikafunga jingine, nikalitundikia ndoo ya maji kwenye boriti. Likashika, nami nikafurahi kama mjinga. Kisha nikalilowesha, nikaanza kuitikisa ndoo polepole, kama samaki anavyotikisa kichwa. Nikaiona ile ncha fupi inayobaki nje ya fundo ikirudi ndani, kidogo, ikasimama, kidogo tena. Kwa goti nilikuwa nikivuta mara moja tu, tena likiwa kavu. Nilikuwa bado naitazama ndoo ilipoangukia miguu yangu.

Nilikwenda gatini hivyohivyo nimelowa. Meneja na Nahodha walikuwa wakihesabu majaketi ya kuokolea. Nikaweka ile ncha kwenye kiganja cha Meneja, nikamweleza lilivyo fundo langu, tangu lini, na kwamba nilikuwa nimekatazwa siku yangu ya kwanza kazini.

“Nani mwingine anajua?” akauliza Meneja.

“Hakuna. Lakini Nahodha asiondoke kwa fundo langu. Kama ni mtu kuondoka, ni mimi.”

Meneja alinitazama miguu iliyolowa, akamtazama Nahodha. Akasema yeye mwenyewe alitaka kutufungia waya, kwa hiyo hana uso wa kumfukuza mtu kwa ajili ya lida, na kwamba boti inabaki na Nahodha. Alimwomba Nahodha radhi palepale, akaenda ofisini.

Nahodha akaichukua ile ncha, akaigeuzageuza. “Hii kitu nilikuwa natupa kwa maji,” akasema. “Ningekuwa nakuletea, ungejua mapema.” Akaitia mfukoni. “Kesho saa kumi na mbili asubuhi, Mama Awuor. Vaa viatu zenye hazitelezi.”

Sikulala vizuri. Nilifumua fimbo zote nane na kuzifunga upya, mizunguko saba, kwa mate, robo saa kila moja. Asubuhi nikapanda boti, na sketi yangu, na hakuna aliyesema neno. Mbuta alishika karibu na majabali. Mgeni alipomleta ubavuni, Nahodha aliniambia niishike lida kwa mkono. Nikaliona fundo langu likitoka majini, likapita pete ya fimbo, nikausikia uzito wa samaki mzima viganjani. Miaka yote hiyo nilidhani lida ni ya kuzuia msasa na kisu. Kumbe ni mahali pa mkono pia, maana mshipi mwembamba ungenikata vidole.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana hunipigia simu kuniuliza wanunue uzi upi, mnene kiasi gani, wa rangi gani. Huwaambia kwanza wanionyeshe ncha ya ule uliowakatikia, na wengi hawanayo, wameitupa.

Nahodha alistaafu kabla yangu. Siku yake ya mwisho alinipa kopo la majani ya chai, akaenda zake bila kungoja nilifungue. Lilijaa ncha za mishipi, zote alizozikata tangu siku ile, zimefungwa moja moja kwa uzi wa kushonea. Nilizisoma zote mezani kwangu. Nyingi zilikuwa na manyoya, nyingine zimekwaruzwa na majabali, mbili zimenyooka kwa breki, na hizo nitamtania nazo tukikutana. Iliyojikunja ilikuwa moja tu, chini kabisa.