Siku Nilipomwita Bahati "He"

Asubuhi ile, huko Uvira, nilikuwa nagombana na mdogo wangu Bahati kuhusu pasi. Alikuwa ameunguza kola ya shati la mteja, na badala ya kuniomba radhi alikuwa anacheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mrefu kuliko umri wake, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo baba na mama yake nilikuwa mimi, na cherehani yangu ndiyo iliyotulisha. Aliniita yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, na mdogo ni mdogo tu. Hatukuwahi kuona upungufu wowote katika maneno hayo.

Saa nne hivi alisimama mlangoni.

"Yaya, iko watu wanakimbia. Wanatoka kule Kavimvira."

Nilimwambia aache kuchungulia barabara, amalizie kupiga pasi. Kisha nami nikasikia mizinga.

Tulifuata umati kuelekea kusini, njia ya Fizi. Bahati alibeba sufuria na kitenge kimoja. Mimi nilibeba kichwa cha cherehani begani, chuma kitupu, kizito kama mtoto aliyelala. Ndiyo maana sikumshika mkono. Nimewaeleza watu hili mara nyingi, nao huniambia nisijilaumu, nami huwaitikia kwa adabu.

Siku ya pili tulifika mahali barabara inapobanwa kati ya mlima na ziwa.

Risasi zilitoka juu.

Mama mmoja mbele yangu alikaa chini taratibu, hakuinuka tena.

Niliita Bahati. Nilimwona akiteremka na wengine kuelekea matete ya ziwani. Mimi nilisukumwa upande wa pili, kwenye mihogo.

Nilipoweza kurudi, hapakuwa na mtu kwenye matete. Cherehani nilikuwa bado ninayo.

Nilimtafuta siku tatu, kisha nikapanda mashua iliyokuwa inakwenda Kalemie kwa sababu wote waliobaki walipanda. Kutoka Kalemie nikaingia Zambia, na kwa malori ya watu wengine nikafika Durban. Huko nilipata kazi ya kushona ovaroli kwenye viwanda vya Mobeni, na kitanda katika fleti ya Greyville tuliyoishi watu saba.

Jumamosi mchana nilisoma Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu, Bi Devi, mstaafu asiyecheka ovyo, alikuwa amelianzisha darasa lile kwa ajili ya mabaharia wa Ukraine ambao meli yao ilizuiwa bandarini. Sisi wakimbizi tulidandia tu, kwa hiyo sheria alizotufundisha zilikuwa dawa ya makosa ya Waukraine. Kwao "mimi baharia" inatosha, hawana haja ya am wala is, basi wiki mbili nzima tuliimba I am, you are, he is. Hawana a wala the, na hapo tulielewana, maana hata sisi hatuna. Ila kwao kila kitu ni cha kiume, cha kike, au si huku wala kule. Jirani yangu wa benchi, Mykola, fundi wa injini aliyepungukiwa vidole viwili, alisema, "The table, he is broken." Ilipofika zamu yangu nikasema, "My mother, he is dead."

Bi Devi aliweka chaki chini. "Mykola, si kila kitu kina jinsia. Paskali, kila mtu anayo."

Darasa lilicheka, nami nikacheka.

Baada ya miezi miwili nilijiona nimeiva. Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya shirika lililotafuta ndugu waliopotezana vitani. Palikuwa na mkalimani Mtanzania, dada Zuhura.

"Karibu kaka. Nikutafsirie?"

"Hapana dada, iko sharp, hakuna shida. Nitajieleza mimi mwenyewe."

"Haya. Ukikwama, niite."

Sikukwama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Karani aliniuliza ninamtafuta nani. Kichwani nilikuwa na neno ndugu, na ndugu niliyemjua kwa Kiingereza ni brother. "My small brother, Bahati. He is fifteen. He ran to the lake." Nilikuwa nimeweka is mahali pake, na the mbele ya lake, nikajisikia profesa. Jina halikumshtua karani. Bahati ni la wote. Alitia alama kwenye kisanduku cha jinsia, nami nikatia sahihi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa ulimi huku natabasamu.

Miezi mitano ikapita. Jumamosi moja Bi Devi alituagiza tulete karatasi yoyote ya Kiingereza, tubadilishane, tusome. Nilileta nakala ya fomu yangu. Mykola aliisoma polepole.

"Your brother, he is big boy?"

"No brother. Bahati is girl."

Aliweka kidole kwenye karatasi. "Here is he. Here is he. Here also is he."

Nilichukua karatasi, nikazihesabu mwenyewe. Bi Devi akaniletea kiti.

Jumatatu nilimfuata Zuhura. Alisoma fomu, akanitazama, akasema, "Pole kaka," kisha akaandika nyingine. Jibu lilichukua muda mrefu, na kabla halijafika vita vilikuwa vimeanza upya kwetu. Siku waliponiita walinipa karatasi mbili. Ya pili ilisema Bahati, binti wa baba yangu, alikuwa ameandikishwa katika kambi moja ya wakimbizi upande wa Kigoma. Aliondoka na mashua ya watu waliorudi kwetu, ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa familia aliyekuwa anamtafuta. Tangu hapo hakuna habari zake. Miaka mingi imepita, na bado hakuna habari zake.

Karatasi ya kwanza ilikuwa jibu la fomu ya kwanza, jibu lililosahaulika kwenye faili. Mfanyakazi wa kambi ile ile alikuwa amesoma majina kwa kipaza sauti, kisha akaandika alichokiona. Simlaumu, maana siku zile wengi walijitokeza kwa majina yasiyo yao, na yeye alifuata kisanduku. Zuhura alinyoosha mkono ili anitafsirie, lakini Kiingereza cha karatasi ile kilikuwa chepesi, sentensi mbili tu, na nilikielewa chote. One girl with this name came. Not him.