Kabati la Sinki na Fundi wa Kimuka

Mimi ni fundi wa mbao. Karakana yangu iko hapa Kitengela, nyuma ya barabara ya Namanga, na ukinipa siku moja nitakutembeza jikoni za watu uone kazi yangu. Sasa jiulize nilijisikiaje niliporudi nyumbani nikakuta mwanaume mwingine amepiga magoti chini ya sinki yetu, futi mkononi, anapima.

"Huyu ni fundi," mke wangu akaniambia, kana kwamba mimi nauza nyanya. "Ametoka Kimuka. Nimechoka na pazia, Baba watoto."

Pazia lenyewe lilikuwa la maua, limening'inia hapo tangu tuhamie, likificha mitungi ya maji. Kabati lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimeshasema linakuja.

Kilichoniuma zaidi ni lugha. Mke wangu ni Mmaasai wa Kisaju, na huyo kijana ni Mmaasai pia, tena mtanashati. Salamu tu, "Supa," "Epa," na baada ya hapo mimi niliyezaliwa Murang'a nikabaki nje ya maongezi nikiwa ndani ya nyumba yangu. Wakacheka. Alipoondoka nikamwuliza mke wangu alikuwa anacheka nini, akasema, "Ah, si kitu, mambo ya ng'ombe." Mambo gani ya ng'ombe yanachekesha hivyo? Na alikuwa amempikia chai ya maziwa matupu, wakati yangu huwa na maji mengi. Nilikuwa na wivu, sioni haya kusema.

Kijana alilileta kabati likiwa tayari, ameliiga kutoka kwenye picha ya simu: milango miwili midogo inayokutana kwenye nguzo ya katikati, vishikio vinang'aa, na sakafu ya ndani imeinuliwa ili chini vidole vya miguu vipate pa kuingia. Mke wangu alipitisha kiganja juu ya mlango polepole. Akaita jirani aje aone. "Angalia mikono ya huyu kijana," akasema mbele yangu, na mimi niko na mikono miwili.

Nikakaa nikingoja kosa. Na lilikuwepo. Mifereji ya mtaa wetu haitoi maji kila siku. Maji huletwa na lori la boza, yanakaa kwa mitungi, na mitungi inakaa chini ya sinki. Wenye ile picha ni watu wa kufungua mfereji na maji yakaja. Mke wangu alifungua mlango wa kushoto, akasukuma mtungi, ukagonga nguzo. Akajaribu wa kulia, ukagonga tena. Nilikunywa chai yangu taratibu na siku hiyo ilikuwa tamu.

"Naona mtungi umekataa kuingia," nikasema.

"Si kitu," akajibu. "Nitampigia simu. Atakuja Jumatatu atoe hiyo nguzo."

Atakuja. Yaani arudi na Supa zake, apige magoti hapo tena, acheke, apewe maziwa? Nilitaka kitu kimoja tu: huyo mtu akose sababu ya kukanyaga jikoni kwangu, na hizo sifa za mikono zirudi kwa mwenyewe.

Jumapili mke wangu na watoto walipokuwa wanaenda kanisani nilisema kichwa kinaniuma. Nguzo ile ilibeba uzito wa sinki, huwezi kuing'oa hivi hivi. Kwa hivyo kwanza nilipitisha ubao mzito wa saipresi chini ya sinki, ubavu hadi ubavu, nikaukaza kwa gundi na skurubu. Ndipo nikakata nguzo. Kipande chake cha mbele nikakifunga kwenye mlango wa kulia, ili milango ikifungwa usijue kuna kilichobadilika. Nikang'oa na ile sakafu iliyoinuliwa, maana mtungi uliojaa mke wangu haubebi, anauburuta. Nikausukuma mmoja. Uliingia mpaka ukutani.

Aliporudi alifungua milango, akaburuta mtungi nje, akaurudisha ndani. "Kichwa kimepona?" akauliza, akaenda kubadilisha nguo za kanisa. Basi. Hata asante sikupata. Wala hakushika simu kumwambia yule mtu asije.

Jumatatu akaja. Mimi nilikuwa nje, najifanya natengeneza mlango wa banda la kuku. Kupitia dirisha nikamwona akifungua kabati, akainama, akaupapasa ubao wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauliza kitu kwa Kimaa. Nyundo ikanisimama mkononi.

Mke wangu akamjibu kwa Kiswahili, sauti juu, uso ameuelekeza dirishani.

"Ni mzee wangu. Unadhani jikoni zote za huku zimetengenezwa na nani?"

Kisha akampa chai ya maziwa matupu, wakarudi kwa Kimaa chao, wakacheka. Mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini.