Tundu kwenye Kizimba cha Wapole

Kazini walimwita Mama Wapole, na si kwa sababu ya tabia. Tabia yake haikuwa na upole wowote. Alishawahi kumfukuza mkaguzi, mtu mzima na tai yake, kwa kosa la kuingia maabara na viatu vya nje. Jina lilitokana na mbu. Katika chumba cha kufugia mbu alichokisimamia kwa miaka kumi na moja kulikuwa na koo mbili: Wapole, ambao wakinusishwa dawa kidogo tu wanalala chali, na Wakorofi, ambao dawa hiyo hiyo wanaipokea kama wamepuliziwa manukato. Wapole ndio waliokuwa wake. Kila asubuhi aliwahudumia wao kwanza ndipo aende kwa Wakorofi, asije akabeba mkorofi mmoja kwenye koti akampeleka kwa wasiohusika. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya chumba kile, na aliyeibandika mlangoni ni yeye mwenyewe.

Kwa Wapole hao alipata shahada ya uzamili. Aliwapulizia dawa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, akihesabu waliokufa na waliobaki, na kuanzia kizazi cha saba wakaanza kugoma kufa. Mstari kwenye grafu ukapanda ghafla. Ni mstari huo uliomfikisha, akiwa na miaka arobaini na moja na maombi mawili ya nyuma yaliyotupwa kapuni, kwenye usaili wa shahada ya uzamivu katika vyuo viwili ndani ya wiki moja. Akikosa safari hii basi tena, maana mwakani umri wake ungekuwa umepita ule unaokubaliwa na watoa ufadhili.

Jumanne mchana, siku moja kabla ya usaili wa kwanza, alikiteremsha kutoka juu ya kabati kile kizimba alichofanyia utafiti. Alitaka kukionyesha kwenye kamera, kwa kuwa maprofesa hupenda kuona vitu. Chenyewe si cha ajabu: fremu ya chuma, chandarua pande zote, na mbele yake mkono mrefu wa kitambaa. Unapitisha mkono wako humo kufanya kazi ndani, na ukimaliza unaufunga fundo ili mbu wasipite. Akapangusa vumbi, akapitisha mkono, na kidole chake kimoja kikatokeza nje.

Akabaki anakitazama kile kidole. Kilikuwa kimepenya kwenye mshono, karibu kabisa na fremu, mahali ambapo ukaze fundo utakavyokaza halifiki. Tundu dogo, lakini mbu hahitaji geti. Na siku zile, kwa ufinyu wa chumba, kizimba hicho kilikaa rafu moja na cha Wakorofi, na katika chumba cha mbu watoro hawakosekani.

Akageuza ndoo, akakaa juu yake. Kama Wakorofi wawili watatu waliingia humo wakazaana na Wapole, basi Wapole hawakuzoea dawa yoyote. Walipata wakwe tu. Mstari wote ule, na shahada, na usaili wa kesho, vilikuwa vimetokana na wageni walioingia bila hodi. Aliogopa. Haikuwa hofu ya kuona nyoka, upige ukelele yaishe. Ilikuwa ile inayoingia tumboni na kutandika mkeka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mikono yote ya vizimba vya maabara ile ilishonwa na mume wake, fundi cherehani, na angemwambiaje mtu kama yule kwamba mshono wake umemharibia mkewe maisha? Akakirudisha kizimba juu ya kabati, akakifunika na gazeti.

Usaili wa kwanza aliufanyia stoo, kati ya makopo ya chakula cha viluwiluwi, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikokuwa na nguvu. Profesa wa chuo cha kwanza alikuwa mwanamume wa sauti nene aliyecheka kabla mzaha wenyewe haujafika. Aliiweka ile grafu kwenye kioo cha kompyuta, kubwa, ikajaa kioo kizima.

"Mama, kwenye mstari huu mimi najenga mradi wa miaka minne," alisema. "Tayari nimeshaanza kuuandikia. Una swali?"

"Hapana, Profesa. Nashukuru sana."

Alipozima kompyuta, gauni lilikuwa limemganda mgongoni. Hakuwa amesema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililomtisha, kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya chuo cha pili. Profesa wa huko alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyesaili huku leso iko puani, na swali lake la kwanza halikuwa na salamu ndefu.

"Kama tasnifu hii ingekuwa ya mtu mwingine, wewe ungetilia shaka nini?"

"Vizimba vilikuwa karibu karibu," Mama Wapole akasema.

"Karibu kiasi gani?"

"Rafu moja."

Profesa akaandika kitu, akapenga kamasi, akashukuru. Usaili uliopangwa saa nzima uliisha kwa dakika ishirini na mbili.

Ijumaa barua ya chuo cha kwanza ikafika: nafasi ni yake, ajibu kabla ya saa kumi na moja jioni ya Jumatatu. Chuo cha pili kilikuwa kimya. Maabara nzima ilimpongeza, mkuu wake akamshika mkono wake mmoja kwa mikono yake yote miwili, naye akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Jioni hiyo aliukata ule mkono wa kitambaa kutoka kwenye fremu, akautia kwenye mkoba.

Jumamosi asubuhi alimkuta mumewe sebuleni, kwenye cherehani yake, anapinda suruali ya sare.

"Baba watoto, niangalizie mshono huu."

Fundi akavaa miwani, akaugeuza mkono ule kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akacheka.

"Nani kashona hapa?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi napita mara mbili kisha napinda. Hapa kuna mtu kapita na sindano ya mkono, na uzi wenyewe wa vifungo. Tazama, mishono imeachana kama meno ya bibi. Mteja wangu angenirudishia na matusi juu."

Ndipo alipouona ule uzi. Ulikuwa wa bluu, wa vifungo vya sare ya binti yao, na aliyekuwa nao kwenye mkoba ni yeye. Wiki ile mkono ulipochanika, binti yao alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Fundi alikuwa wodini, yeye alikuwa kazini kwa saa mbili tu, na mkono wa kizimba ukachanika kwenye ncha ya fremu. Aliushona haraka haraka, akajiambia atauleta nyumbani ushonwe sawasawa. Binti akapona, na kwa furaha yote ile uzi ukasahaulika. Hakuhitaji kufungua daftari. Ilikuwa mwishoni mwa kizazi cha sita, kimoja tu kabla mstari haujapanda.

"Uzi huu unaujua?" Fundi akauliza.

Akamwambia yote, kuanzia kwenye kidole. Fundi alisikiliza huku mguu wake umetulia juu ya pedali.

"Ukiwaambia watakunyima?"

"Wanaweza kuninyima wote wawili. Hata hii shahada niliyonayo wanaweza kuirudia kuipekua."

"Na usipowaambia?"

"Nitakaa miaka minne juu ya tundu, naomba Mungu asitokee mtu wa kuingiza kidole."

Fundi akavua miwani. "Mimi nashona suruali, mama. Siwezi kukuamulia hilo. Ila mshono nimeshauona, na siwezi kujifanya sijauona."

Jumapili aliandika barua moja fupi, akaituma kwa watatu: mkuu wake wa maabara na wale maprofesa wawili. Alitaja tundu, rafu, kizazi cha sita, na uzi wa bluu. Alitaja pia kwamba mume wake ni fundi na kwamba mshono ule si wa mume wake, kwa sababu hilo aliona ni haki ya mumewe. Alipobonyeza kutuma, alikwenda uani kukunja nguo, na shuka moja akaikunja na kuikunjua mara tatu.

Jumatatu saa tatu, mkuu wake alimwita, akamwambia kwa uso mkavu kwamba watalazimika kulirekebisha chapisho lililotokana na tasnifu yake. Saa nne akajibu profesa wa sauti nene. "Matundu madogo yapo kila maabara, mama. Tusilitaje. Nafasi yako iko pale pale."

Aliisoma mara tatu. Ndicho alichokuwa akikiombea tangu Jumanne, na sasa kilipokuja hakukitaka. Mtu huyu alikuwa amelijua tundu na bado angejenga juu yake, na Mama Wapole ndiye angekuwa anamkabidhi matofali. Saa kumi na dakika hamsini, kukiwa hakuna neno kutoka chuo cha pili, aliandika kwamba anashukuru lakini haji. Kisha akakaa juu ya ile ile ndoo, akalia, kwa hofu tupu, kwa sababu sasa hakuwa na kitu.

Jumanne ikapita. Jumatano simu iliita akiwa na mkono ndani ya kizimba, ikabidi autoe na kufunga fundo kwanza, tena mara mbili, ndipo apokee.

"Nilikuwa nimeshakuandikia hapana," ilisema sauti ya mafua. "Mstari ule ulipanda haraka mno, na ulijua kwa nini ukanimegea nusu; nusu iliyobaki nimeipata kwenye barua yako. Huyo fundi bado anashona?"

"Anashona, Profesa."

"Basi ashone mikono minne. Utaanza upya, kizazi cha kwanza, vyumba viwili tofauti. Grafu ya zamani usije nayo."

Nyumbani alimkuta Fundi kwenye cherehani. Alimweleza huku amesimama mlangoni na mkoba wake begani, sauti ikimkatika, kwa maana miaka minne ya kuanzia sifuri ilimtisha vile vile, na safari hii hapakuwa na mstari wowote wa kumbeba. Fundi alichukua futi, akapima na kukata kitambaa, akatia uzi mweupe kwenye cherehani, kisha akanyoosha kiganja.

"Kabla sijaanza," alisema, "toa sindano zote zilizoko kwenye huo mkoba."

Akazitoa, zote tatu, na uzi wa bluu.