Maoni Niliyotuma Redioni Kuhusu Kitabu cha Dada Spesioza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si ujana, maana hata huo ujana ulishanipita. Ni roho yangu mbaya tu, na simu ikiwa mkononi.

Jina langu sitaji. Kuandika bila jina nimeshazoea, kama mtakavyoona. Jueni tu kwamba nina duka la vitenge hapa Omurushaka na mtoto mmoja wa kike, na kwamba mtoto huyo siku hizi hanitazami usoni.

Nitamwita Kemi. Ana akili za kutisha. Kabla hajaanza shule alikuwa anasoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, halafu anauliza wabunge wanagombania nini. Aliyekuwa anamlea ni dada wa kazi, msichana wa Kyerwa, huyo nitamwita Spesioza. Mimi nilishinda dukani. Jioni Kemi akiniletea swali namwambia, "Kesho, mwanangu." Basi anageuka zake, anakwenda jikoni kwa Spesioza, na kule nawasikia wanabishana na kucheka hadi ugali unaiva.

Lakini kanisani sifa nilizichukua mimi! Watu wakishangaa mtoto anavyosoma somo la Jumapili bila kugugumia, natabasamu, nawaambia namfundisha mwenyewe kila jioni. Spesioza alikuwa amekaa benchi la nyuma, anasikia yote. Hakuwahi kunisuta.

Kumbe mwenzangu alikuwa anaandika. Alipoacha kazi kwangu akapanga chumba Bugene, akawa anashona nguo, na huko akamaliza riwaya ya watoto. Ilikuwa habari ya dada anayelea mtoto mwenye akili kuliko watu wazima wote wa mtaa. Aliichapisha steshenari pale Kayanga, ikabanwa kwa pini, jalada la manjano. Kemi ndiye aliyemsaidia kusahihisha. Mwalimu wa Kemi akaipeleka redio ya huku kwetu, ikaanza kusomwa Jumamosi asubuhi kwenye kipindi cha watoto, na wasikilizaji tukaombwa tutume maoni.

Jamani, kitabu kilikuwa kizuri! Kuna sehemu ya msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, mtoto anamuuliza bibi yake kwa nini zamani wanawake walikamata senene, wakakaanga, halafu wakala wanaume peke yao. Bibi anachukua mmoja kwenye sahani ya babu na kumtafuna mbele yake, taratibu. Nilicheka hadi mteja akaniuliza kama mimi ni mzima.

Halafu akaingia mama wa mtoto. Kitabuni anaitwa Mama Kesho.

Hakuwa mtu mbaya, yule Mama Kesho. Alikuwa kichekesho. Mtoto anamwambia, mama, mbuzi ameingia sebuleni, naye bila kuinua macho anasema, "Kesho, mwanangu." Mbuzi anakula pazia, anakula kofia ya baba, kesho, kesho. Wasikilizaji walimpenda kupita kiasi. Mmoja akatuma maoni kwamba Mama Kesho ni mke wake mtupu. Mwingine akaandika, "Huyu mama namjua, ana duka." Wiki hiyohiyo watoto wa shule wakaanza kupita mbele ya duka langu wakiita, "Mama Kesho, shikamoo!" na kukimbia.

Ningeweza kucheka nao. Mtu mwenye utu angecheka, halafu jioni angemjibu mtoto wake swali moja. Mimi roho iliniuma kama nimemeza kaa la moto. Miaka yote nilijisifia yule mtoto, na sasa wilaya nzima ilikuwa imejua nani alimlea.

Nilikuwa na laini ya pili ya simu, ambayo hakuna aliyeijua. Nikaichomeka, nikaandika maoni yangu. Nayakumbuka neno kwa neno: "Mtangazaji, kitabu hiki hakifai kwa watoto wetu. Kiswahili chake si cha huku. Bibi yake mwandishi alivuka mto na ng'ombe mweupe, na mwandishi mwenyewe karatasi hana. Kabla hajatufundishia watoto, aulizwe kwao ni wapi. Ni mimi msikilizaji mwenye uchungu, kata ya Ndama."

Ninyi wa huku mpakani mnajua neno kama hilo, kwamba mtu si raia, linafanya nini. Na mimi nilijua. Ndiyo maana nililichagua.

Yule mtangazaji ni kijana asiyesoma kitu kabla ya kukitamka. Aliusoma ujumbe wangu wote, kwa sauti yake tamu ileile anayosomea salamu za siku ya kuzaliwa. Mimi nilikuwa nakunja kitenge. Kemi alikuwa kwenye kiti cha plastiki anakula parachichi, akaacha kula.

Nawaambia ukweli mchungu: nilisikia raha. Raha kabisa! Nilimwuzia mteja aliyefuata nikiwa naimba.

Jumamosi iliyofuata kitabu hakikusomwa, zikapigwa nyimbo. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji alifika kwa Spesioza na watu wa kuulizia karatasi za uraia. Spesioza alizaliwa Kyerwa, nyumbani, migombani, na mama yake vilevile. Mkunga aliyempokea alishakufa. Cheti hakikuwahi kuwepo. Hawakumtukana wala kumkamata. Walimwambia alete mtu wa kuheshimika aliyeishi naye, amtambue mbele yao, halafu mambo ya karatasi yataanza kushughulikiwa.

Akaja kwangu. Mtu mwenyewe angekuwa nani mwingine? Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, kama mtu anayekwenda ukweni, akaniamkia kwa goti.

"Mama, wewe umekaa na mimi," akasema. "Njoo uwaambie tu kwamba unanijua. Ukiwepo watanisikiliza."

Nikamuuliza ni lini.

"Leo, waitu, nakuomba. Wamesema leo jioni."

Dukani hakukuwa na mteja hata mmoja. Niliogopa nikisimama pale mtu atauliza ujumbe ulitoka wapi. Lakini si hofu peke yake, nisijipambe. Nilitaka anibembeleze zaidi kidogo. Nilitaka aonje!

"Njoo kesho, Spesioza," nikamwambia.

Alinitazama. Neno hilo alilijua kuliko mtu yeyote, alikuwa ameliandika kitabu kizima. Akasema, "Haya, mama," akauacha mkungu mlangoni, akaondoka.

Kesho yake chumba chake kilikuwa wazi. Cherehani ipo, nguo za watu zilizokatwa nusu zipo, yeye hayupo. Jirani alimwona anapanda gari la Kyerwa na begi moja. Kwao hakufika. Wapo wanaosema amevuka mto, amekwenda nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, atafute ndugu asiowajua majina. Zile ndizi nilizimenya nikazipika na maharage. Kemi hakugusa.

Siku kadhaa zikapita. Halafu jioni moja, tunachambua mchele, akaanza.

"Mama, ule ujumbe wa redioni ulisema ng'ombe mweupe."

Nikamwambia sikumbuki.

"Kwamba bibi yake dada alitoka ng'ambo, watu wengi wanajua," akasema, vidole vinaendelea na kazi. "Ng'ombe mweupe alitusimulia jikoni, siku umeme umekatika. Alisema hajawahi kumwambia mtu. Tulikuwa watatu tu. Dada, mimi na wewe."

Nikainamia ungo, nikachambua kwa haraka.

"Na kile Kiswahili ni changu. Mimi ndiye niliyesahihisha."

Nilimpiga kofi. Mtoto wa darasa la nne, kwa kosa la kukumbuka! Hakulia. Aliokota punje zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo, moja moja.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia namjua Spesioza, ni mtu wa hapa, nitaapa popote. Alinikaribisha kiti. "Mama, ungekuja siku ile," akasema. "Tulikuwa tunataka mtu mmoja tu." Nikamshukuru, nikarudi dukani. Kwamba ujumbe ni wangu sikumwambia, na redioni nilipotuma mwingine wa kuukana wa kwanza, haukusomwa. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Kitabu Kemi anakijua chote kwa kichwa. Alasiri watoto wanajazana kibarazani kwangu, anawasimulia sehemu moja moja. Akifika kwa Mama Kesho anabadilisha sauti, na ni sauti yangu hasa, hata kile kikohozi changu kimo. Watoto wanavunjika mbavu. Mimi napima vitenge, siwezi kuwafukuza. Ningewaambia nini?

Wenzangu, kitabu kikikuudhi kifunge, ukilie chooni, kitukane ukiwa peke yako. Kama kimekusema, jiulize kimekusingizia wapi. Lakini usichukue kitu ulichoambiwa jikoni, na mtu aliyekuamini, ukakipeleka kwa watu. Na wewe unayemwachia dada wa kazi mtoto halafu sifa unachukua wewe, mtaje mbele za watu angali yupo. Msifanye kama mimi!

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Kemi kitandani, nikapiga magoti, nikamuuliza kama atanisamehe. Hakukasirika. Alinitazama kidogo, akajifunika shuka, akanijibu kwa sauti ya uchovu, ya upole.

"Kesho, mama."